Lita Ishirini za Mwisho

Tarehe 4 Machi

Kwako kitinda mimba wa mama,

Barua yako nimeipata kwa dereva wa lori la chakula, ina doa la mafuta ya kupikia kwenye kona. Ule mtandao wa simu mlioahidiwa huko bondeni tangu mlipoanza kujenga hilo daraja naona bado uko njiani. Basi tuendelee na barua. Barua walau haikatiki katikati ya neno.

Mimi ni mzima. Pacha wazima, wanamsalimu mjomba wao. Kazini ni yale yale: vyupa vya seli za figo, na vikiisha, vyupa vingine vya seli za figo. Nasugua, nasuuza mara tatu kwa maji ya bomba, mara tatu kwa maji yaliyochujwa, naingiza kwenye mashine ya mvuke. Sabuni ikibaki hata tone, seli zote zinakufa na Mkuu wetu wa maabara ananitazama juu ya miwani. Mwaka wa tisa huu hajapata sababu ya kunitazama.

Sasa wewe. Umeandika kurasa mbili na nimehesabu, neno maji limo mara saba. Maji ya huku matamu, maji ya huku baridi, nimeshuka kreni kufuata maji. Wewe ulikuwa mtoto wa kukimbizwa uani na kikombe. Umependa, au kuna kitu kingine unakunywa ukikiita maji?

Na huyo shemeji yako, miezi mitano sasa hajaniandikia hata hujambo. Mwambie Baba Pacha kwamba mtoa ishara naye ana vidole kama watu wengine. Mkono si wa kupungia kreni tu, hushika na kalamu.

Dada yako


Tarehe 9 Machi

Dada, shikamoo.

Sijapenda, na ninachokunywa ni maji. Nakwambia wewe peke yako.

Asubuhi napanda kwenye kibanda cha kreni na madumu mawili ya lita tano. Saa tano yote yamekwisha. Usicheke, napanda na dumu tupu pia, kwa sababu kutoka kibandani hadi chini ni ngazi mia moja na arobaini na siwezi kuzishuka kila nusu saa. Kinachotoka hakina rangi wala harufu. Ukiliweka dumu hilo karibu na la kunywa huwezi kujua lipi ni lipi, ndiyo maana nimeliandika kwa chaki: HILI SIYO.

Nesi wa kambi amenipima sukari, hakuna. Amesema ni joto la kibandani. Dada, huku asubuhi tunavaa masweta.

Kiu yenyewe si hii ya kila mtu. Nakunywa mpaka tumbo linacheza kama pipa, na koo bado linaomba. Nikilala naota mabomba.

Wewe unafanya kazi na watu wa figo. Hebu waulize. Usiseme ni mimi, sema ni mtu fulani. Na usimwandikie shemeji, ana mawazo yake siku hizi, haongei sana. Nikionekana mgonjwa nitashushwa kwenye kreni, na nikishushwa sijui kazi nyingine duniani.

Mengine salama. Nimepewa kofia ngumu mpya, ile ya zamani ilipata ufa.

Mdogo wako


Tarehe 15 Machi

Mdogo wangu, marahaba.

Nitakwambia ukweli: sijauliza. Nimesimama mlangoni kwa Mkuu mara mbili na trei mkononi, na mara zote mbili nimeishia kusema "Vimekauka, mama." Mwosha vyupa ataanzia wapi? Yule ni mtu anayeongea na seli, mimi ananiambia habari za sabuni.

Lakini maji nayajua. Nilipoanza kazi hii nilikuwa nasuuza kila chupa mara kumi, roho haitulii. Nikaambiwa tatu zinatosha, na tangu siku hiyo tatu zinatosha. Mwili nao hufundishwa. Unakojoa kwa sababu unakunywa, unakunywa kwa sababu unakojoa, umekuwa mduara. Kata upande mmoja. Lita mbili kwa siku, si tone zaidi, kwa wiki moja. Siku ya kwanza utaumia, ya tatu utazoea.

Sikuombi. Dada yako amesema.

Na ufa wa kofia ulitoka wapi?

Dada yako


Tarehe 20 Machi

Dada, shikamoo.

Leo ni siku ya kwanza ya lita mbili. Lori linaondoka, naandika kwa haraka.

Kofia ilianguka tu.

Kuna kitu sielewi. Kinachotoka hakijapungua. Tangu asubuhi nimeingiza lita moja, zimetoka nne. Hizo nyingine zinatoka wapi? Ulimi umekuwa kama soli ya kiatu. Vioo vya kibanda vina ukungu, nikiufuta haufutiki.

Nitakaza. Ulisema siku ya tatu.

Mdogo wako


Tarehe 23 Machi

Mama Pacha,

Naandika kutoka mji wenye hospitali. Hapa mtandao upo, lakini haya siwezi kuyasema kwa mdomo. Kuna dereva anaondoka saa hizi.

Mdogo wako amelazwa. Yu hai. Jana saa nne alikuwa amebeba ndoo ya zege, tani mbili, juu ya watu kumi na mmoja. Nikampa ishara ya kushusha. Ndoo haikushuka. Nikampa tena. Nikamwita kwenye redio, akanijibu maneno ambayo hayakuwa maneno. Nikawatoa watu wote pale chini, nikapanda. Nilimkuta mikono iko kwenye vipini, macho wazi, midomo imepasuka. Hakuisogeza kreni hata kidogo, Mama Pacha. Hata katika hali ile hakusogea kwa sababu hakuwa ameona mkono wangu.

Hapa wamesema damu yake imekauka maji, chumvi imepanda. Wamemtundikia dripu. Daktari akamuuliza, umewahi kuumia kichwa? Akasema hapana, huku ananitazama mimi. Daktari akanigeukia, nami nikainama kufunga kamba za buti.

Aliumia. Tarehe 10 Februari alikuwa chini anapaka ndoano grisi, dereva wa zamu nyingine yuko kibandani. Lori la barua likapita nyuma yangu. Nilikuwa nimekuandikia barua, ya kwanza, mistari minne, nimeisahau mfukoni. Nikanyoosha mkono juu kulisimamisha lori. Kule juu wakauona mkono, wakanyanyua. Ndoano ikayumba, ikampiga kichwani, kofia ikapasuka. Alizimia kidogo, akaamka, akasema tusiseme. Alisema dada akijua ni wewe, nyumba itaungua.

Wiki moja baadaye ndipo alipoanza kunywa. Mimi nilikuwa naona madumu yanapanda na kushuka, nikawa najiambia hayahusiani.

Muulize huyo Mkuu wako kama yanahusiana. Mimi nakwenda kumwambia daktari sasa hivi, baada ya kufunga bahasha hii. Nimeandika kwanza ili nisirudi nyuma.

Baba Pacha


Tarehe 27 Machi

Mdogo wangu,

Barua ya Baba Pacha niliisomea kwenye sinki, maji yanamwagika. Kisha nikafanya jambo ambalo sijalifanya kwa miaka tisa. Niliingia kwa Mkuu bila kubisha hodi na bila trei, nikamwekea karatasi mezani. Akaisoma mara moja, akaniuliza hospitali gani, akapiga simu pale pale. Kumbe shemeji yako alikuwa ameshamwona daktari, alitimiza neno. Nikamsikia Mkuu anasema: "Ndiyo, kichwa, wiki sita. Sukari hana. Mjaribuni kwa ile homoni, na kwa hali yoyote msimnyime maji."

Msimnyime maji. Aliyekunyima ni mimi. Wewe ulikuwa unakufa kwa kiu, mimi nakuhesabia vikombe kama nasuuza vyupa. Nisamehe, mdogo wangu. Kwenye hili siendelei, nikiendelea karatasi italowa.

Mkuu alipokata simu akaniuliza, "Miaka yote hii unaosha vyupa vyangu, umewahi kuziona seli zenyewe?" Nikasema nimezimwaga nyingi. Akanivalisha koti jeupe, likanibana mabegani, akanipeleka kwenye chumba cha darubini.

Sikiliza sasa, maana tangu siku hiyo sijapata mtu wa kumwambia akanielewa.

Nilidhani nitaona vidudu. Niliona sakafu ya vigae, mdogo wangu. Kila kigae ni seli moja ya figo, iko hai, na ndani ya kila kigae kuna vumbi la kijani linang'aa, limetawanyika ovyo. Mkuu akasema, kila punje ya vumbi hilo ni kifuko, na vifuko vimejaa milango ya maji. Wameipaka rangi ili ionekane. Nikamuuliza, mbona milango imefungiwa ndani badala ya kuwa ukutani? Akasema, "Bado haijaitwa."

Akanieleza, nami nakueleza kama nilivyopokea. Figo zako mbili huchuja lita mia moja na themanini kwa siku. Nilimwambia asinitanie, mimi ni mtu mzima. Akasema mia moja na themanini, damu ile ile inapita na kupita tena. Nyingi hurudishwa mwilini njiani bila kumuuliza mtu. Lakini lita ishirini hivi za mwisho hufika kwenye vijibomba vya mwisho kabisa zikiwa hazijui ziende wapi, zirudi kwenye damu au zitoke nje. Hapo ndipo wanapokaa hawa wa vigae. Na wao hawaamui. Anayeamua ni ubongo, ambao unaionja damu kila saa, kama mpishi asiyeiamini chumvi yake. Damu ikikolea kidogo tu, tezi moja chini ya ubongo, ndogo kama punje ya kunde, inaachia homoni. Kidogo mno, huwezi kuiona hata ukiikusanya. Inazunguka mwili mzima mpaka inazifikia seli hizi, inagusa ukuta wao wa nyuma, na ndani yao habari inapokezanwa mpaka kwenye vifuko.

Kisha akanipa mimi bomba dogo la kudondoshea. "Tone moja," akasema. Kwa mkono huu unaosugua vyupa mia mbili kwa siku, nikadondosha.

Dakika tano, hakuna kitu. Nikajua nimeharibu. Ya kumi, lile vumbi likaanza kusogea. Si kwa fujo, taratibu, kutoka katikati kwenda pembeni, kwenye kila kigae, vyote pamoja, na hakuna hata kimoja kilichomtazama mwenzake. Ilipofika dakika ya ishirini katikati palikuwa peusi na kila seli imezungukwa na mstari wa kijani. Milango yote iko ukutani. Mkuu akasema katika mwili ndiyo saa hiyo maji yanaporudi, chembe moja moja kwa mstari, zaidi ya bilioni kwa sekunde kwenye kila mlango. Na homoni ikiondoka, seli haziitupi milango. Zinaivuta ndani, zinaiweka.

Nililia. Mkuu akaniacha, akajifanya anapanga karatasi.

Nilipopata sauti nikamuuliza: za mdogo wangu zimekufa? Akasema, "Za mdogo wako ziko kama hizi zilivyokuwa kabla ya tone lako. Nzima kabisa. Milango imo ndani, tezi yake ndiyo imeumia, ujumbe haufiki."

Miaka tisa nimezimwaga kwenye dawa ya kuulia bila hata salamu. Sasa nasema samahani kwanza. Mwenzangu wa usafi anadhani uzee umeanza.

Baba Pacha mwambie sijamjibu kwa sababu sijapata neno. Nina hasira naye, nina hasira na mimi mwenyewe, na zimechanganyika sijui ipi ya nani. Nawe usijione umepona hasira yangu. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kidogo tu mimi ndiye ningekilia. Lakini ile barua yake ya mistari minne ipo? Naitaka.

Dada yako


Tarehe 2 Aprili

Dada,

Mkojo wangu una rangi.

Shikamoo. Ningeanza na salamu lakini nimeshindwa kungoja.

Juzi saa nne asubuhi nesi alinipulizia dawa puani, mpulizo mmoja. Daktari anasema imetengenezwa kuiga ile homoni yako. Akaniambia kaa, usinywe mpaka usikie kiu. Nikakaa na chupa mkononi, nimeishika kama mtu atakayenyang'anywa. Nikawa naingoja kiu. Saa sita nikajikuta nafikiria mambo mengine, nafikiria wapwa zangu pacha wamefika darasa la ngapi, na ndipo nikashtuka kwamba kwa saa nzima sijafikiria maji. Chupa ilikuwa imejaa hadi shingoni.

Saa nane nikaenda chooni na kikombe cha kupimia. Nusu kikombe, Dada, na ni ya manjano kama chai ya rangi. Nilimwita shemeji aje aone. Tulisimama chooni wanaume wawili wazima tunatazama kikombe. Halafu akaenda dirishani akanipa mgongo muda mrefu.

Barua yako nimeisoma mara nne. Ile sehemu ya vigae nimemsomea na jirani wa kitanda cha pili, akasema dada yako apewe hilo koti moja kwa moja. Mimi nimeielewa kwa njia yangu. Kreni haina macho. Niko juu, mzigo uko nyuma ya nguzo, siuoni. Sheria ya kwanza niliyofundishwa: hakuna ishara, hakuna kusogea. Ningeweza kukaa siku nzima, mashine nzima, mafuta yamejaa, waya mpya, na nisinyanyue hata ndoo tupu. Mpita njia angesema kreni imekufa. Figo zangu zilikuwa zinangoja mkono, basi. Wiki sita zinangoja na hazikukata tamaa, mpulizo mmoja zikaitika. Mimi mwenyewe nisingengoja hivyo.

Sasa natakiwa nisinywe kwa mazoea, kwa sababu maji yakizidi wakati milango iko wazi nitazama kwa ndani. Kila kitu kina kipimo chake na mpimaji si mimi.

Usiniombe msamaha. Ungejibuje sawasawa wakati aliyekuuliza alikuficha nusu ya swali? Kosa la kuficha ni langu. Nilidhani nalinda nyumba yako.

Shemeji amejipeleka mwenyewe kwa msimamizi akaeleza yote. Amesimamishwa mwezi mmoja, atafundishwa upya. Na mimi daktari amesema miezi mitatu, ndipo ataamua kama nitapanda tena au la. Anasema tezi inaweza kurudi, inaweza isirudi. Dawa naweza kuizoea, Dada. Kukaa chini sijui kama nitaweza.

Mdogo wako


Tarehe 13 Julai

Dada, shikamoo.

Daktari amesaini.

Tezi haijarudi. Napuliza asubuhi na jioni, na kila wiki mbili wananipima chumvi. Lakini amesaini, na msimamizi amesema niruhusiwe kuchagua mtu wa kunipa ishara. Wote walikuwa wamesimama pale. Nikasema namtaka shemeji. Msimamizi akauliza kama nimefikiri vizuri. Nikamwambia siku ile ya ndoo ya zege watu kumi na mmoja walitoka chini yangu kwa sababu yeye alikuwa haniondolei macho.

Jana nimepanda. Ngazi mia moja na arobaini, chupa moja ya lita moja, na hakuna dumu la chaki. Mzigo wa kwanza ulikuwa nondo, uko nyuma ya nguzo, siuoni. Nilimwona yeye tu. Alisimama mikono iko chini. Nikangoja. Nilijua amekagua minyororo mara mbili, lakini mikono haikupanda. Ningeweza kumwita kwenye redio. Sikumwita.

Lori la barua likapita nyuma yake. Dereva akapiga honi, mara mbili, kama kawaida yake. Shemeji hakugeuka. Alinitazama mimi mpaka vumbi la lori likatua, kisha akapandisha mkono, nami nikanyanyua.

Saa nane nikaikumbuka chupa. Imebaki nusu. Nilikaa naitazama kama wewe kwenye darubini yako, nikijua kwamba huko ndani wale wa vigae wako kazini.

Humu kwenye bahasha nimekuwekea ile karatasi yake uliyoitaka. Ameikunja na kuikunjua tangu Februari mpaka ikachanika katikati, nimeiunga kwa gundi ya kambi. Alitaka kuandika nyingine nzuri zaidi. Nimemwambia dada ameagiza hii.

Mdogo wako


Tarehe 10 Februari

Mama Pacha, hujambo. Mimi sijambo, ila kalamu inanishinda.
Najua unamuwazia mdogo wako huko juu. Usimuwazie.
Kila siku nasimama chini yake na siondoi macho.
Asichokiona yeye, nakiona mimi. Mumeo.